Ba mdogo na viti vya kongamano

Kongamano letu la ajira za nishati safi limeisha salama, mahari ya dada Rehema imepokelewa, testi tumefanya, na kichwani mwangu kuna viti tu.

Ba mdogo mnamjua, yule fundi sola wa Bahi aliyenifundisha kushika testa nikiwa bado mdogo. Niliibembeleza sana kamati aongee siku hiyo maana waalikwa wengine wote ni watu wa maofisini, mwisho wakakubali. Kafika na basi la asubuhi, ovaroli limepigwa pasi mpaka mstari unaonekana, begi la vifaa begani. Mi niko jukwaani nahangaika na projekta, nasikia mwenzetu wa mapokezi anamuuliza:

"Shikamoo baba, wewe ndo wa viti?"

"Marahaba mwanangu. Viti viko wapi?"

Na akaenda kweli! Nashuka mbio namkuta keshabeba vinne vya plastiki, begi bado liko begani.

"Ba mdogo, mbona hukumwambia we ni mgeni wetu?"

"Si vilikuwa vinatakiwa?"

Basi hiyo "si vilikuwa vinatakiwa" nalala nayo naamka nayo, kwenye daladala nipo nayo, maana aliisema kwa upole tu ila hakunitazama usoni, na ba mdogo huwa anamtazama mtu usoni. Na yule dada hakumkosea adabu, kamwamkia vizuri, kwaiyo sina hata wa kumkasirikia. Kinachoniuma ni kwamba tumejaza ukumbi kutafuta ajira za jua, halafu mtu anayekula kwa jua tangu sijaanza shule akiingia mlangoni tunamuona wa viti.

Wageni waliongea vizuri, Bwawa la Nyerere na megawati zake 2115, sola ya Kishapu, lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, nimeandika yote. Ba mdogo kawekwa wa mwisho, watu washaanza kuangalia simu. Akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Wagogo waliomo wakaitikia ukumbi ukatikisika. Hana slaidi. Katoa begini kipande cha waya ganda limeyeyuka, kakipitisha mkono kwa mkono, halafu kauliza paneli ya wati 100 juu ya bati la Dodoma saa saba mchana inatoa ngapi. Tukajibu mia! Akasema hiyo mia imepimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, juu ya bati ikifika 60 zinapotea kama wati 14, ndo maana yeye anainyanyua kwa vyuma upepo upite chini, na wateja wanalalamika anawamalizia hela. Jamani ile hesabu ya kupoteza asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25 tumeifanya darasani, ila sikuwahi kuwaza bati la mtu.

Alipomaliza walimzunguka hadi nikashindwa kumfikia, wanaomba namba, wanaomba kwenda naye fildi likizo, na yule dada wa mapokezi yumo na daftari lake anauliza mambo ya betri. Ba mdogo anacheka meno yote nje. Nilifurahi mpaka chakula cha wageni sikukigusa.

Saa hizi mvua imeanza tena. Mama kasema zabibu zetu za Mpunguzi zinapasuka zikiwa bado mtini, na yule mnunuzi wa mwaka jana hapokei simu.