Baraza yetu ya juu: stara bila ya kuuzuia upepo

Kila fundi niliyemwita kututengenezea baraza ya stara juu ya paa la zege la nyumba yetu alikuwa na jawabu moja: "Piga ukuta, bibie, futi saba pande zote, umalize." Kaka yangu naye akaitikia. Nasema wazi, ushauri huo ni mbaya na umeshaharibu nyumba nyingi hapa mjini. Mtu anatoa pesa zake apate mahali pa kupunga upepo, anaishia kupata chumba cha joto kisichokuwa na paa.

Nyumba yetu iko Miembeni, mjini Unguja. Ni ya chini, imemwagwa zege juu, na nondo zimebaki zimesimama kwa ajili ya ghorofa aliyoikusudia marehemu baba. Miaka yote pale juu tulikuwa tukianika nguo tu. Sisi wanawake wa nyumba tulikuwa tukitamani kukaa pale jioni bila ya kujitanda, lakini majumba ya Michenzani yanatuangalia. Yamejengwa miaka ya 1970, marefu, madirisha safu kwa safu. Ukuta wa futi saba humzuii nao mtu aliyeko ghorofa za juu, maana jicho lake linapita juu ya ukuta na kushuka mpaka kwenye mkeka wako. Hili niliwaeleza mafundi wote, na wote wakanijibu kwa kupima urefu wa ukuta.

Mmoja wao alipoona nimekataa ukuta akamshika kaka yangu kwa turubai. Tufunge turubai kubwa la buluu juu, pembe nne, kamba za nailoni, kazi ya asubuhi moja. Nilimwambia kaka, huu ni mwezi wa Julai, kusi imeshika, turubai zima namna hiyo halitakaa. Fundi akacheka, akasema amefunga mangapi. Mchana wa kwanza tukapanda na chai, hatukuimaliza. Joto lilikuwa limejaa chini yake, halina pa kutokea, na mwanga wa buluu ulitufanya sote tuonekane wagonjwa. Usiku upepo ukaingia kwa chini, turubai likavimba, likawa linapigapiga juu ya dari ya watu waliolala. Kabla ya alfajiri lilikata kamba mbili, likang'oa na kipande cha lipu kwenye pembe, likavuka uchochoro na kwenda kufunika bati la jirani. Jirani yetu ni mtu mzima na muungwana. Alilikunja mwenyewe akalileta mlangoni, akauliza kama tumeamka salama. Fundi tulipompigia simu alisema tatizo ni kamba.

Hapo kaka akaniachia kazi, nami nikaifanya kwa njia yangu. Kwanza nilitaka kujua macho yanafika wapi hasa. Nina shoga yangu anakaa juu kabisa katika majumba yale, upande unaotazama kwetu. Nilimpigia simu akasimama dirishani, nami nikapanda darini na ufito wenye kanga nyekundu nchani. Nikawa natembea nao sakafuni, kanga nikiishikilia kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Akiiona anasema "naam", asipoiona ananyamaza. Mtoto wa kaka yangu ananifuata na chaki. Kisha tukafanya vilevile kwa upande wa majirani wa usawa wetu. Tulipomaliza sakafu ilikuwa na ramani: hapa anaona Michenzani, hapa anaona jirani, na hapa, pembeni mwa tangi la maji, haoni mtu yeyote. Ikabainika kuwa majirani wa usawa wetu hawamuoni kabisa mtu aliyekaa chini ikiwa kuna ukuta wa futi tatu na nusu. Baraza ni ya kukalia mkekani. Kwa nini nimjengee ukuta mtu aliyesimama?

Kwa macho ya kutoka juu nilitumia mbao za inchi 1 kwa 6 juu ya vichwa vyetu, zikakaa kwa ubavu badala ya kulala bapa, zikipangwa kukingama na upande wa Michenzani. Kutoka ubao hadi ubao ni inchi 6, sawa na upana wake. Mtu anayeangalia kwa mshazari wa nyuzi 45 au chini ya hapo anaona mbao tupu, zimefunikana machoni mwake kama ukuta. Wewe uliye chini ukilala chali unaziona kwa ukingo wake mwembamba tu, na katikati yake mbingu yote. Upepo unapita na joto linatoka, na kusi haipati kitu kipana cha kukamata. Shoga yangu nilimwita tena dirishani. Tulikaa wanne tunakunywa kahawa na yeye akatuuliza tumeshashuka lini.

Nguzo ni miti ya mvinje. Zile nondo za baba sikuruhusu zikatwe. Tulizipigia sanduku la mbao tukamwaga zege fupi la kiunoni, ikawa zimehifadhika na kutu ya hewa ya pwani, na kila mti wa mvinje umefungwa ubavuni mwa kiguzo hicho, ncha yake ya chini imeachwa vidole vinne juu ya sakafu. Mti usigusane na maji ya mvua, hilo fundi yeyote ukimwacha atalisahau.

Ukuta mfupi tulijenga kwa matofali ya matundu upande wa kaskazini mashariki na kusini mashariki, kwa sababu kaskazi huja na upande mmoja na kusi na mwengine. Upande wa uchochoroni ni tofali zima. Chagueni matundu madogo ambayo mguu wa mtoto hauingii, la sivyo mmemjengea ngazi.

Sakafu ilinigharimu ugomvi zaidi kuliko pesa. Fundi alitaka aisawazishe bapa. Mimi nataka mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita mpaka kwenye mdomo wa bomba, na nikasimama juu yake na mpira wa maji wa kupimia mpaka alipouweka. Kabla ya vigae nilimwaga ndoo nzima tukaangalia. Pakabaki kidimbwi karibu na tangi, akarudia. Masika yanapokuja hakuna atakayekuja kukukaushia. Vigae ni vipande vyeupe vilivyovunjika, maduka huviuza kwa bei ya kutupa. Cheupe hurudisha jua, na saa kumi jioni watoto wanakimbia miguu mitupu.

Maua nilitaka mengi, nikajizuia. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliorowa hupita kilo 30, na zege lile hakuna aliyelipigia hesabu ya bustani. Kwa hiyo vyungu vyote vimekaa pale ambapo chini yake umepita ukuta unaobeba nyumba, hakuna hata kimoja katikati ya chumba. Nina asumini mbili na mpesheni mmoja unaopanda nguzo. Visahani vya chini nimeviondoa, maana maji kidogo tu yakisimama mbu wa dengi anazaa humo.

Mkiwa Mji Mkongwe mambo ni mengine. Mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na huongezi kitu juu ya paa bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Huko pia nyumba ni za mawe na chokaa juu ya boriti, uzito wa zege usiupeleke.

Gharama sikuandika zote. Mbao ndizo zilizokula pesa, na bado jumla haikufika nusu ya alizotaka yule wa ukuta wa futi saba. Mbao tulizifunga kwa kamba, si kwa misumari: ni kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, nilizinunua kwa wanawake wa Jambiani wanaofukia makumbi pwani na kusokota wenyewe. Msumari wa kawaida huku unaliwa na chumvi. Kamba mpya irowesheni kwanza, mfunge ikiwa mbichi, ikikauka inakaza. Zile za upande wa jua la magharibi huchakaa mapema, kwa hiyo nunueni za akiba.