Kulinganisha lenzi za potreti bila kuionea hata moja

Weka pamoja picha mbili za mtu mmoja, moja ya lenzi ya 50 mm na nyingine ya 85 mm (milimita zikizidi, lenzi huvuta mtu karibu zaidi), na wengi watakuambia ile ya 85 ni kali zaidi. Mara nyingi wanachokiona si ukali. Picha ya pili ilipigwa kutoka mbali kidogo, wingu lilikuwa limepita, uso ukang'aa zaidi, na mtu alikuwa ameshaizoea kamera. Lenzi ikapewa sifa isiyo yake. Yafuatayo ni mambo ya kuzuia ukitaka kujua kioo chenyewe kinafanya nini usoni pa mtu, kwa mwanga wa Kisumu, ambao una tabia zake.

Anza na umbali, maana hapo ndipo majaribio mengi huharibika. Umbo la uso huamuliwa na umbali peke yake. Pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa takriban sentimita 12. Ukisimama mita 2, hiyo ni tofauti ya asilimia 6. Ukisogea hadi sentimita 80 ili lenzi ya 35 mm ijaze fremu vilevile, inakuwa asilimia 15, na pua inavimba huku masikio yakirudi nyuma. Ukipiga hivyo halafu ukasema 35 mm "inaharibu sura", umehukumu miguu yako. Kwa hiyo kuna majaribio mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza, usisogee hata hatua moja: badilisha lenzi, kisha kata picha ya lenzi fupi, yaani yenye milimita chache, hadi uso ulingane. La pili, sogea mpaka kichwa na kifua vijaze fremu kwa kila lenzi. Kwa kamera yenye sensa ya 36 × 24 mm, hiyo ni mita 2 kwa 85 mm na karibu mita 1.2 kwa 50 mm. Chora alama kwa chaki sakafuni na upime kwa futi ya fundi. Kukadiria kwa macho hakutoshi.

Jaribio la pili ndilo linaloonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Lenzi zote mbili zikiwa f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni wazi zaidi) na uso ukiwa na ukubwa uleule kwenye fremu, kina cha sehemu iliyo kali ni kimoja: takriban sentimita 6. Mbona basi nyuma ya 85 huyeyuka zaidi? Gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f. 85 kwa 1.8 ni milimita 47. 50 kwa 1.8 ni milimita 28. Huo ndio upana wa tundu, na nuru ndogo iliyo mbali sana nyuma hutanuka kuwa duara la upana huohuo kwa kipimo cha uso wa mtu: kwa 50 mm, kama upana wa jicho lake; kwa 85 mm, zaidi ya mara moja na nusu ya hapo. Ukitaka ukungu wa nyuma ukaribiane, funga 85 hadi f/2.8. Ndiyo maana naona ni lazima kila lenzi ipigwe mara tatu: tundu likiwa wazi kabisa, kisha zote kwa namba moja ya f, kisha kwa ukungu unaolingana. Anayeonyesha picha za tundu wazi tu ameshachagua mshindi.

Sasa mwanga. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa juu ya utosi na macho huzama kwenye vivuli vya nyusi. Hakuna lenzi ya kuokoa hilo. Baraza pana la duka linalotazama anga wazi, kama yale ya Oginga Odinga Street, linafaa zaidi: mketishe mtu ndani kidogo ya ukingo wa kivuli, uso ukielekea nje. Angalia ukuta na ardhi iliyo mbele yake. Murram nyekundu hurudisha wekundu chini ya kidevu, nyasi hurudisha kijani, na ukibadilisha mahali katikati ya jaribio utadhani lenzi moja ina rangi mbaya.

Jioni ni tamu lakini ni ya hatari. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko kwenye ikweta linashuka karibu wima. Mwanga wa dakika kumi zilizopita si huu ulio nao sasa. Dawa ni mpangilio wa A, B, B, A. Piga kwa lenzi ya kwanza, ya pili, rudia ya pili, malizia kwa ya kwanza. Kama picha za A za mwanzo na za mwisho zinatofautiana kuliko A inavyotofautiana na B, mwanga au uchovu wa mtu ndio uliopimwa. Tupa, uanze siku nyingine.

Weka kamera kwenye M, yaani wewe mwenyewe unapanga mwanga. Kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani: uso mweusi ukijaza fremu, kinaongeza mwanga, shati jeupe likiingia, kinapunguza. Lenzi mbili hazioni kiasi kilekile cha shati. Kivulini anza na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, f/2 na 1/500 ya sekunde, urekebishe mara moja, uache hapo. Mizani ya rangi (white balance) nayo iwe ya namba moja, tuseme 5500 K, isiwe ya kujichagulia. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Hata hivyo, f/2 ya lenzi moja inaweza kupitisha mwanga kidogo kuliko f/2 ya nyingine, kwa sababu vioo vya ndani hunyonya na kurudisha sehemu yake. Sawazisha mng'ao wa shavu kwenye kompyuta kabla ya kuhukumu, maana jicho hupenda picha angavu na kuiita kali. Rangi ya lenzi ikiwa na joto kidogo, mimi siipi alama wala kuinyima. Husahihishwa kwa sekunde moja.

Zima pia marekebisho ya lenzi ndani ya kamera. Kamera nyingi husahihisha giza la pembeni na mistari iliyopinda kwa lenzi za kampuni yao, na kuziacha za kampuni nyingine zilivyo. Zima kwa zote, kisha washa kwa zote kwenye programu.

Kwa kina cha sentimita 6, mtu akiyumba sentimita 3 jicho limetoka. Mketishe kwenye kiti chenye mgongo, lenga jicho lililo karibu, na upige picha nane kwa kila mpangilio. Picha bora kati ya nane inaonyesha uwezo wa kioo. Idadi ya zilizopata jicho inaonyesha uhodari wa mota ya kulenga. Hizo ni alama mbili tofauti. Kwa kamera yenye kioo cha kupinduka (DSLR), rudia kwa skrini ya nyuma: ukali ukirudi hapo, kosa lilikuwa la kulenga.

Mandhari ya nyuma yachaguliwe kwa makini zaidi kuliko mtu mwenyewe. Mafunjo ya Dunga, kando ya Ziwa Victoria, ni mtihani mzuri sana: mashina yaliyonyooka, yakiwa mita chache nyuma ya mtu, hugawanyika kuwa mistari miwili kwenye lenzi yenye ukungu mbaya. Halafu mpige huku maji yanayometa yakiwa nyuma yake. Kila mmeto huwa duara, na hapo utaona pete kama za kitunguu, au duara lililobanwa kama jicho la paka kwenye pembe za fremu. Funga hadi f/2.8 uone umbo la tundu: Canon EF 50 mm f/1.8 II ya 1990 ina visu vitano vya kufunga tundu na hutoa pembe tano, wakati mrithi wake, STM ya 2015, ina saba vilivyopindwa. Wale wadudu wadogo wa ziwani hunata kwenye kioo jioni, kwa hiyo futa kila unapobadilisha lenzi, na vua vichujio vyote. Vikinga-jua viwe kwa zote au visiwepo kabisa.

Mwishoni mwombe mwenzako abadilishe majina ya faili ili usijue ipi ni ipi. Usizitume kama picha za WhatsApp, zitafinywa. Chapa kwa inchi 8 × 12, yaani pikseli 2400 × 3600 kwa nukta 300 kwa kila inchi, uzitandaze mezani karibu na dirisha, na uandike uamuzi wako nyuma ya kila karatasi kabla ya kuambiwa majina.