Gari mbili za rimoti za mtumba: moja ilikula hela yangu, nyingine siuzi hata leo

Kila ukimwambia mtu unataka kununua gari ya rimoti iliyotumika jibu ni lile lile, "unanunua matatizo ya mwenzako." Nimeambiwa hivo na watu kama kumi na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufungua skrubu ya hizi gari. Mimi nimefungua, nimepoteza hela, nimezirudisha, na sa hivi nina gari inayokimbia kila Jumamosi jioni, kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua.

Kwanza siongelei zile za Kariakoo za elfu thelathini au arobaini. Zile zikifa zimekufa, bodi ya umeme ni moja imebeba kila kitu, ukiungua waya mmoja unatupa gari nzima. Naongelea za kampuni za kina Traxxas, Tamiya na wenzao, za ukubwa wa 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, ambazo kila kipuri kina namba yake na kinauzwa peke yake, mkono wa tairi ukivunjika unanunua mkono, gia ikiliwa unanunua gia. Hizo ndo zina maana kununua mtumba, kwa sababu hata ikiwa mbovu unajua ubovu wake una bei.

Sasa mimi nilianza vibaya. Jamaa mmoja kazini aliniambia za umeme ni za watoto, chukua ya mafuta, inalia kama pikipiki na inatoa moshi kweli kweli. Nikaingia Kinondoni kwenye vitu vya kontena nikaikuta moja, bodi nyekundu imepauka, ina injini ndogo ya kuvuta kwa kamba kama jenereta, haina rimoti. Muuzaji akasema, "Kaka rimoti zipo kibao, chukua gari kwanza." Nikatoa kama laki na nusu.

Rimoti ndo zipo, lakini kwa kawaida rimoti haiongei na risiva (kile kifaa ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti) ya kampuni nyingine. Hizi za sasa za 2.4 GHz lazima uziunganishe rimoti na risiva yake, na kila kampuni ina lugha yake, na ile gari ilikuwa bado na risiva ya zamani ya 27 MHz yenye kile kikristali cha kuchomeka. Ikabidi ninunue seti nzima, rimoti na risiva, ikanila kama elfu tisini hivi. Kwa hiyo ukisikia "haina rimoti ila rimoti zipo" punguza bei hapo hapo, au ondoka.

Halafu ikaja mafuta. Hizi injini hazili petroli. Zinakula mchanganyiko wa methanoli, nitromethane na oili, unauzwa kwenye chupa maalum, na nilizunguka Dar wiki mbili sikupata. Dada yangu anaishi Leicester, nikamuomba aje nayo, akaniambia mafuta kama hayo hayapandi ndege, iwe mkononi iwe kwenye begi la chini. Nikakwama.

Hapo ndo nikampelekea mzee mmoja fundi pikipiki mtaani kwetu, mzee ninayemheshimu sana, ameshanitengenezea pikipiki miaka. Akaigeuza geuza akasema, "Mwanangu, injini ni injini. Hii ni tuu-stroku, weka petroli na oili ya tuu-stroku itawaka." Tukachanganya kwenye kichupa cha maji, tukajaza tanki, tukawa tunavuta kamba. Vijana wa kijiweni wakajaa. Nilivuta mpaka kiganja kikatoka lengelenge, akavuta mzee, akavuta kijana wake, inakohoa "puf" moja tukiweka betri ya kupasha plagi, tukitoa betri inanyamaza. Tukaongeza oili, tukapunguza oili, tukageuza skrubu ya kabureta kulia na kushoto, tukasafisha plagi kwa brashi ya waya. Kutwa nzima. Jioni naangalia ule mpira unaopitisha mafuta, umevimba, umelegea kama utumbo, kwa sababu ni silikoni na silikoni haipatani na petroli.

Baadaye nikasoma vizuri nikaelewa. Plagi ya hizi injini haipigi cheche kama ya pikipiki. Ndani ina kawaya kenye platini, unakapasha moto na betri wakati wa kuwasha tu, baada ya hapo methanoli yenyewe ikigusana na ile platini ndo inakaweka kawaya kekundu muda wote injini inapozunguka. Petroli haifanyi hiyo kazi. Kwa hiyo ungevuta kamba mpaka mwaka kesho. Mzee wangu hakukosea kwa ubaya, alikuwa anaijua injini anayoijua.

Na kibaya zaidi hata ningepata mafuta yake ile injini ilikuwa imekwisha. Injini nzuri ya aina hii ikiwa ya baridi, ukizungusha kwa mkono kile kigurudumu cha chini, pistoni ikifika juu kabisa lazima ikabe, unasikia inagoma kidogo. Yangu ilipita laini kama kufungua bomba la maji. Kipimo cha sekunde tano ambacho ningekifanya pale pale Kinondoni kama kuna mtu angenifundisha. Tangu siku hiyo mtu akiniambia anataka ya mafuta na anaishi huku kwetu, namwambia usithubutu, labda una uhakika wa mafuta.

Nikakaa kama miezi sita sitaki kusikia. Afu nikapata habari kuna kijana Sinza anauza Traxxas Slash, ile ya kusukuma kwa matairi ya nyuma, mjomba wake alimletea kutoka Marekani. Slash ilitoka 2008, na mpaka leo vipuri vyake vimejaa, mikono, shafti, gia, na kuna kampuni ya RPM inatengeneza mikono ya plastiki yake inayopinda badala ya kuvunjika. Kijana anasema mota imechoka, inaenda nusu spidi, anataka laki tatu na nusu pamoja na rimoti, betri na chaja. Mpya Marekani ilikuwa dola mia mbili na kitu, ukiongeza usafiri na ushuru inapanda sana.

Wote niliowauliza wakasema hapo hapo, mota imechoka, achana nayo. Nikaenda.

Nilienda na alenki zangu, maana Traxxas inafungwa kwa alenki za milimita, Tamiya ndo ya bisibisi ya nyota, na nikaenda na mita ya kupima volti. Kitu cha kwanza naangalia vichwa vya skrubu. Gari iliyochezewa ufukweni Coco Beach utaijua, skrubu zina kutu na beringi za tairi zinakwaruza ukizungusha kwa kidole, na chumvi ikishaingia kwenye beringi huwezi kuitoa, unabadilisha tu. Hii ilikuwa na vumbi jekundu la kawaida, kutu hamna. Nikashika kila tairi nikatikisa kushoto kulia, za mbele zinacheza kidogo, beringi hizo, za 5x11x4, bei ya kawaida na saizi hiyo hiyo inaingia Tamiya nyingi tu. Nikafungua kifuniko cha gia, ile gia kubwa ya plastiki meno yote yapo, hayajayeyuka. Usukani unaenda kulia kushoto bila kukwama.

Betri ndo ilinitisha. Ni lipo (LiPo, aina ya betri ya lithiamu) ya seli mbili, imevimba kama andazi. Nikaipima, seli zote zimeshuka chini sana, chini ya volti 3 kila moja. Betri ya lipo ikifika hapo na imevimba hiyo sio ya kuchaji tena, inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba, watu wanafanya mchezo na hili jambo. Nilikuwa nimekuja na betri ya kuazima, nikachomeka.

Gari ikatembea, na kweli taratibu. Lakini kuna vitu viwili nikaviona. Nikikanyaga breki, gari inasimama papo hapo, mbele inazama, breki imeshiba kabisa. Nikirudi nyuma, inarudi taratibu vile vile. Na baada ya kuiendesha dakika kama kumi nikagusa mota, vuguvugu tu. Mota iliyochoka kweli inachemka, unaisikia hata harufu, na kwenye hizi gari mota hiyo hiyo ndo inafanya breki. Inakuwaje breki iwe na nguvu zote halafu mbele na nyuma iwe nusu? Na sio nusu ya kubahatisha, nusu kamili, na haiyumbi.

Nikaangalia spidi kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme kwa mota, ile XL-5 inayokuja na hizi Slash. Ina kibonyezo kimoja kidogo na taa. Taa ilikuwa nyekundu.

Hapo moyo ukaanza kudunda kwa sababu nilikuwa nimeshaisoma ile kontrola usiku kucha kabla ya kwenda. Ina aina tatu za uendeshaji na ya tatu imewekwa kwa ajili ya wanaojifunza, inakata nguvu ya mbele na ya nyuma mpaka asilimia 50 lakini breki inaiacha asilimia 100. Na ile taa nyekundu maana yake kinga ya betri imezimwa, yaani kontrola haijali lipo ikishuka chini kiasi gani, inaendelea kunyonya tu. Ikiwa ya kijani ndo inalinda. Kwa hiyo betri iliyovimba na mota "iliyochoka" vinaweza kuwa vimetokana na kibonyezo kimoja, mtu alikibonyeza bonyeza akaondoka zake.

Sikuwa na uhakika asilimia mia. Ningeweza kukosea nikabaki na mota mbovu kweli, ila hata hivo mota ya brashi ya hiyo saizi sio hela ya kutisha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, betri imekufa na siitaki, beringi za mbele zimeisha, nakupa laki mbili na themanini." Akakubali.

Nimefika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikachomeka ile betri ya kuazima, nikawasha rimoti, nikabonyeza kile kibonyezo nikakishikilia. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikaanza kupepesa nyekundu, mara moja... nikaachia hapo hapo, maana ukiachia kwenye kupepesa mara moja unachagua aina ya kwanza, nguvu zote. Afu nikaweka kinga ya betri, nikakishikilia tena mpaka taa ikabadilika kuwa ya kijani. Nikaenda kiwanja cha shule karibu na kwetu Mbezi, saa kumi na moja na nusu, nikavuta kibonyezo cha rimoti taratibu kisha chote.

Ilichota mchanga ikanirushia usoni ikaondoka. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amesimama pembeni akapiga kelele "Baba itapotea!" Nilicheka peke yangu kama dakika nzima.

Siku iliyofuata nilimpigia yule kijana nikamweleza, kwa sababu ningekaa na hilo jambo lisingenipa raha. Akanyamaza kidogo, afu akasema mdogo wake ndo alikuwa anaichezea chezea. Nikamfundisha na ile hatua ili akinunua nyingine ajue. Tunasalimiana mpaka leo.

Gharama zilizofuata sikuziandika vizuri ila nadhani laki na kidogo. Betri mpya ya lipo aliniletea dada kutoka Leicester, ya seli mbili 5000 mAh, yaani Ah 5, ambayo ukizidisha volti 7.4 unapata Wh 37 (watt-saa), na inaruhusiwa kwenye begi la mkononi kwa sababu iko chini ya Wh 100, lakini kwenye begi la chini hapana, na ziba ncha zake na tepu. Ukimaliza kucheza usiiweke imejaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, itakaa miaka. Beringi niliagiza pakiti nzima. Pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, nilibadilisha, na wakati wa kuifunga weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya gia mbili, zibane, kaza mota, afu zungusha karatasi itoke, nafasi inakaa sawa sawa. Angalia tu namba ya saizi ya meno (pitch), sio idadi yake, gia za 48 haziingiliani na za 32, kuna mtu aliniuzia kwa kuniambia "zote sawa", zikaliwa ndani ya nusu saa.

Na ile ya mafuta? Haikutupwa. Mwezi wa nane sevo ya usukani ya Slash, kile kimota kidogo kinachogeuza matairi ya mbele, iliisha meno baada ya kugonga nguzo ya goli. Nikakumbuka gari za mafuta zina sevo mbili, moja ya usukani na moja ya mafuta na breki. Nikazifungua zote. Kichwa cha sevo kina meno, kuna za 23, 24 na 25, lazima zioane na mkono unaofunga, nikahesabu moja moja na tochi ya simu mdomoni. Zikaoana. Ile ya usukani ndo iko kwenye Slash sa hivi, ya pili nimeitunza kwenye kopo la maziwa pamoja na skrubu zote, na matairi yake mwanangu amejitengenezea gari ya mbao. Injini iko kabatini, sitaki kuitupa, mzee fundi pikipiki akija huwa anaomba aione.