Mchicha, tui la nazi na jicho la mwenye kisukari

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huumia kimyakimya. Sehemu hii ya jicho hutumia oksijeni nyingi mno, hivyo sukari ikizidi, kemikali zinazounguza seli huongezeka. Mishipa midogo hudhoofika, huvuja, mwishowe huziba.

Luteini na zeaksanthini ni rangi za njano ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Hutoka kwenye chakula tu, hujikusanya katikati ya retina na kuzima kemikali hizo. Kwa panya wenye kisukari zimepunguza uharibifu. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vidonge vya rangi hizi vinatibu.

Hapa Dar zimejaa sokoni: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Kosa kubwa ni kuchemsha mboga tupu eti kwa sababu ya kisukari. Rangi hizi huyeyuka kwenye mafuta. Bila mafuta, nyingi hupita tumboni bure. Fungu moja la mchicha, kijiko cha chai cha mafuta au tui jepesi kidogo, kitunguu, nyanya; funika dakika 5, epua majani yangali ya kijani. Kiini cha yai kina luteini kidogo, ila hufyonzwa vizuri sana. Karoti ina zaidi beta-karotini, rangi yake ya chungwa, ambayo haijikusanyi hapo katikati ya retina.

Dawa usiache. Pima macho kila mwaka kwa matone ya kupanua mboni, hata kama unaona vizuri. Siku hiyo usiendeshe gari, panda daladala: ukungu hukaa saa kadhaa.