Minara saba na wazee wanne

Jumamosi. Nimerudi jioni, chumvi imenikaukia usoni, na usingizi hauji.

Jirani yangu hapa Whitstable, mji wa pwani ya Uingereza, zamani alikuwa mtangazaji haramia, yaani wa redio isiyo na leseni inayorusha matangazo kutoka baharini. Miaka mitano tumepakana ukuta kwa ukuta, nikimjua kwa bustani yake tu, mpaka aliponikuta nje na redio yangu ndogo akaniuliza iko masafa gani. Siku hizi nani anauliza masafa? Urafiki ulianzia hapo. Wiki hii akaniambia wenzake wanakuja, wanakwenda kuiona Red Sands, ngome ya baharini walikotangazia, na botini kuna nafasi moja.

Red Sands ukiiona mara ya kwanza unashtuka. Vyumba saba vya chuma, kila kimoja kimesimama baharini juu ya miguu ya zege kama kaa aliyenyanyuka. Mhandisi Guy Maunsell ndiye aliyeisanifu, jeshi likaweka mizinga humo 1943 kutungua ndege za Wajerumani zinazofuata mto Thames kwenda London. Jeshi lilipoondoka wakabaki ndege wa baharini, kisha wakaja vijana na mitambo yao. Enzi hizo ndani ya Uingereza BBC ilikuwa redio pekee halali hewani. Radio 390 ikaanza hapo 1965, na nilicheka kusikia kwamba maharamia hawa walikuwa wakipiga muziki laini kwa ajili ya kina mama walioko majumbani.

Nahodha akazima injini. Madaraja ya kuunganisha minara hayapo tena, kutu imekula kila kitu, kupanda haiwezekani. Nilitarajia machozi. Badala yake wakaanza kugombana.

"Dirisha la pili lile, kitanda changu kilikuwa hapo."

"Acha uongo, hapo palikuwa na jenereta. Ungelalaje?"

"Ndiyo maana sisikii leo!" Akagonga kifaa chake cha masikioni.

Nikaombwa niamue, eti mimi ndiye mwenye macho mazima. Nilichoona ni matundu na mavi ya ndege.

Kilichowaangusha, anasema jirani, hakikuwa muziki wala siasa, ni fungu la mchanga. Walijiona wako nje ya mipaka ya Uingereza, lakini mipaka ya bahari huweza kupimwa kuanzia kwenye mchanga unaoibuka maji yakipwa. Mwaka 1966 mahakama ya Canterbury ikaamua ngome iko ndani. Wakavutana na serikali hadi Julai 1967, wakazima mitambo wiki chache kabla ya sheria mpya ya kuwabana maharamia wote. Mimi mtoto wa Tanga nilimwonea huruma: kwetu hata mtoto wa mvuvi anajua kuliogopa fungu.

Tulipogeuza kurudi maji yalikuwa yamekupwa. Upande wa kushoto mgongo wa mchanga ulikuwa umetokeza, sili wamejilaza juu yake. Jirani akasimama, mkono mmoja kwenye kamba, akaunyooshea kidole.

"Huyo hapo," akasema. "Shahidi wa serikali."