Khana ya Tatu anadaiwa

Januari 2010 Unguja nzima ilikuwa gizani. Umeme wetu huja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na tangu tarehe 10 Desemba ulikuwa umekatika; tulikuja kuuona tena Machi. Dukani kwa ami yangu, Mchangani, tukawa tunafunga mapema, maana mteja wa kitambaa lazima aione rangi, na jenereta lilikuwa linakula faida yote. Basi mimi, mwandika madeni na mbeba majora, nikajikuta nina kitu ambacho sikuwa nacho tangu nianze kujifunza fidla: nafasi.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Kikundi cha taarabu nilichokuwa nikijipendekeza kwao kilikubali nikae safu ya nyuma ya fidla kwa sharti moja: niiweze bashrafu waliyokuwa wakifungulia, kabla ya harusi ya mwisho wa Februari. Bashrafu ni ala tupu, bila mwimbaji. Ina khana nne, yaani sehemu nne, na kila khana ikimalizika hurejewa taslimu, kipande kilekile. Taslimu niliipenda kupita kiasi, kwa sababu niliijua. Khana ya tatu ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho.

Maalim wangu, mzee mpole mwenye ulimi usio mpole, alinitaka niwe na daftari la mazoezi. Nikachukua kauntabuku moja rafuni kwa ami, bila kuuliza, nikaandika wiki tatu nzima. Siku niliyompelekea alilisogeza karibu na kandili, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Jumatatu, dakika 45, bashrafu mara tano. Jumanne, saa nzima, bashrafu mara sita. Jumatano, dakika 50, vidole vinauma."

Akafungua ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Akalifunga.

"Mwanangu, hili daftari la mahudhurio. Naona ulikuja, sioni ulichofanya. Mara sita umepiga, mara ya sita ilikuwa tofauti na ya kwanza?"

"Sijui, maalim."

"Basi ulipiga mara moja, ukarudia mara tano."

Nilitembea mpaka nyumbani nimekasirika. Mtu akikuambia kweli gizani huna hata pa kuangalia.

Kesho yake, nikiwa kaunta, alikuja mama mmoja kulipa deni la kanga. Nikalitafuta jina lake: tarehe, alichochukua, alicholipa, baki. Akatoa elfu tatu, nikaandika, baki ikapungua. Hapo nikapata akili. Ami hajawahi kuandika kwenye daftari lake kwamba "leo nimekaa dukani kwa muda wa saa nane." Anaandika nani anadaiwa nini.

Jioni nikapiga mistari ya mlazo na wima kama ya dukani. Safu ya mdaiwa nikaijaza makosa, kila moja kwa jina lake na mahali pake. Sikuandika "khana ya tatu ngumu." Niliandika: "Khana ya Tatu, mstari wa pili, kidole cha pili kinapanda." Pale wimbo unateremkia uzi mnene na unakaa kwenye rasti, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti, za Kiarabu. Kidole cha pili kikiwa chini mno unasikia nahawandi, maqamu nyingine, ya huzuni. Kikiwa juu mno unasikia sauti ya kinanda cha kanisani. Rasti iko katikati, kwenye upana usiozidi unene wa ukucha, na kwenye shingo ya fidla hakuna alama ya kukuonyesha. Ni sikio tu.

Malipo nikayapanga hivi: mara kumi mfululizo bila kosa, nikifuata mlio wa saa ya ukutani ya bibi, iliyokuwa ya betri na haikujali umeme. Tik moja, noti mbili. Ukikosea ya nane, unaanza moja. Mara ya kwanza nilifika kumi baada ya dakika 40, bibi akauliza kutoka chumbani kama uzi umekwama.

Nikafuta deni. Asubuhi, kabla ya chai, nikashika fidla kuonja: kidole kikapanda palepale. Nikajifunza kutoamini malipo ya usiku. Usiku vidole vimeshapata moto, vinakumbuka cha dakika tano zilizopita; asubuhi ndipo unapojua kilichobaki kwenye droo. Kuanzia hapo deni halikufutwa mpaka lilipwe asubuhi, kwa upinde wa kwanza, siku tatu zikifuatana. Ami mwenyewe asingekuwa mkali hivyo.

Baada ya wiki mbili nilikuwa na wadaiwa watano sugu. Usiku mmoja, jenereta la jirani likinguruma na mvumo wake ukinivuta sikio nisiusikie sawa uzi wangu mnene, niliacha kupiga nikasoma tu. Kidole cha pili kinapanda. Noti inachelewa. Sauti inakwaruza. Mwisho wa mstari nakaza bega. Taslimu naingia kwa haraka. Nikatafuta kila mmoja kwenye karatasi ya noti, nikaweka nukta kwa penseli. Nukta zote tano ziliangukia hatua moja kabla au moja baada ya kutoka uzi wa pili kwenda uzi mnene.

Walikuwa mdaiwa mmoja mwenye majina matano! Na hakuwa kidole. Alikuwa kiwiko cha mkono wa kulia. Nilikuwa nakiinua kwa kuchelewa, nikifika kwenye uzi mnene naukandamiza upinde ili kufidia, na mkono wa kushoto kwa huruma zake nao unakaza, kidole kinapanda. Wiki mbili nimekilaumu kidole kisicho na hatia.

Siku nne zilizofuata sikuweka kidole hata kimoja kwenye shingo. Nyuzi tupu: uzi wa pili, mnene, wa pili, mnene, kiwiko kikitangulia mbele ya upinde. Ni zoezi la mtoto wa wiki ya kwanza, na linachosha kusikiliza. Bibi alihamia barazani.

Katikati ya hayo ami alitafuta kauntabuku yake na akaikuta yangu, zikiwa na jalada moja. Aliniita kwa sauti ambayo watu wa duka la pili waliisikia.

"Huyu Khana ya Tatu ni nani? Mbona anadaiwa tangu Januari na unamfutia futia tu?"

"Atalipa, ami."

"Mhindi au Mngazija?"

Nikamweleza. Alinitazama kwa muda, akapiga hesabu ya bei ya kauntabuku akaniandika kwenye daftari lake mimi mwenyewe.

Harusi ilikuwa uani, kwa taa za jenereta, mafuta yake yakinuka pamoja na asumini. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na dumbaki, ile ngoma ndogo. Khana ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Tulipoukaribia mstari ule nikasikia kiwiko kinaanza safari mapema, upinde ukalala juu ya uzi mnene, na rasti ikakaa pale pale. Nilifurahi mno. Furaha hiyo ndiyo iliyoniharibia, maana mstari ule hurudiwa, na mara ya pili nilikuwa bado nashangilia ya kwanza. Kidole kikapanda. Maalim, safu ya mbele, hakugeuka, ila sikio lake la kushoto nililijua.

Asubuhi ami alikuwa anafungua milango ya duka. Hakuniuliza harusi ilikuwaje.

"Yule mtu wako kalipa?"

"Kalipa nusu, ami."

Akanisogezea kalamu. "Basi muandikie baki."