Kodi ya Gitaa, Kodi ya Duara

Kodi niijuayo vyema ni ya nyumba. Hiyo mwisho wa mwezi haina mchezo. Sasa mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, kaniletea nyingine mbili: "Mjomba, hii kodi ya duara na zile za gitaa ni ndugu?"

Ya duara ni mstari mnyoofu unaounga nukta mbili za mzingo. Ya gitaa ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Kwa kuwa Kiingereza huziandika sawasawa, chord, mtu hudhani baba yao mmoja. Wapi! Ya duara asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni utumbo, kwani nyuzi za ala zilisokotwa kwa utumbo wa mnyama. Ya gitaa imetokana na neno la Kifaransa la kupatana, accord, likakatwa kichwa likabaki cord. Ile herufi h ilibandikwa baadaye, watu walipozichanganya. Yaani yenye uzi ndani yake ni ya hesabu, si ya muziki!

Waarabu hawana utata huo. Watar ni uzi wa udi, ile ala ya muziki, na watar ni mstari huohuo wa duara. Na udi wenyewe, katika tarabu yetu ya Mombasa, kodi haushughuliki nazo sana. Msikilizeni marehemu Zein l'Abdin, vidole vinafuatana na sauti yake noti kwa noti.

Nikautoa udi ukutani. Pale shingo inapokutana na tumbo, theluthi ya uzi imeshapita. Bana hapo, theluthi mbili zilizobaki zinatoa sauti ya tano, yaani so, kama uzi mzima ni do. Fundi kaijenga hesabu ndani ya mbao. Bana katikati kabisa, unapata sauti ileile, ila oktava moja juu, yaani do ya juu.

Ptolemy, mwanahesabu wa Alexandria, karne ya 2 BK, aliorodhesha urefu wa kodi za duara kwa kila nusu digrii, apate kupiga hesabu za nyota. Mtu huyohuyo akaandika kitabu cha muziki, akipima nyuzi.

"Yatatoka kwenye mtihani?" Hayo hapana. Litakalotoka ni hili: mstari kutoka kitovuni ukiikata kodi kwa pembe mraba, huigawa nusu kwa nusu. Akachora, akaitia alama ile nusu. Nikamwambia kodi hiyo ingekuwa uzi, oktava iko papo hapo.